Huku Kwetu Juni Hairefushi Siku

Kibabi, Jumatatu, tarehe 21 Juni

Upepo umevuma tangu alfajiri na kufagia anga yote. Hakuna wingu, hakuna ukungu, hata moshi wa mashamba yanayochomwa umepelekwa mbali. Baridi ya kiangazi. Nina hasira, na sitaki kuituliza kabla sijamaliza kuandika.

Leo siandikii nyumbani kwangu shuleni. Niko Kibabi, katika nyumba ya Petro na mkewe Yozefina, kwa taa yao ya mafuta, na viatu vyangu vinakauka kando ya moto. Nitaeleza kwa nini vimelowa. Nataka mambo yakae kwa mpangilio, kwa sababu kesho huenda nikaulizwa, na mtu anayeulizwa yampasa awe na maneno yaliyonyooka.

Kwanza amri yenyewe.

Mimi ni mwalimu wa shule ndogo ya shamba la pareto, juu ya kilima, mwaka wa kumi na nne sasa. Mlangoni mwa shule umetundikwa ukingo wa gurudumu la lori, nasi tunauita chuma. Kwa kuwa mimi ndiye mwenye saa ya mezani, ndimi niliyekabidhiwa nyundo. Nikipiga asubuhi kazi huanza, nikipiga jioni kazi huisha. Saa yangu hurekebishwa kila Jumamosi kwa redio ya msimamizi, ili pasiwe na ubishi.

Tangu shamba lianze, chuma cha jioni kilipigwa saa kumi na moja. Wanawake wa Kibabi, ambao ndio wachumaji wa maua, hupimiwa vikapu vyao kwa muda wa nusu saa, kisha hushuka. Kutoka kwenye mizani hadi mtoni ni mwendo wa robo tatu za saa. Mtoni hakuna daraja ila gogo moja, limechongwa upande wa juu tu. Mtu akiona mahali pa kuweka mguu, huvuka huku akiongea na mwenzake. Asipoona, hunyamaza.

Msimamizi mpya alifika wakati wa Pasaka, moja kwa moja kutoka Ubelgiji. Ni kijana, si mkali sana, huvaa fulana ya sufu hata mchana. Hajawahi kuona Juni ya huku. Tarehe mosi ya mwezi huu alinipa karatasi niisome mbele ya watu wote, nami nikaisoma: kwa kuwa tumeingia katika majira ya siku ndefu, kazi itaendelea hadi saa kumi na mbili ya jioni, mpaka mwisho wa Agosti.

Kwao, mwezi huu, jua huzama saa tatu ya usiku. Amekulia katika jambo hilo kama sisi tulivyokulia katika mvua ya Aprili. Halimjii akilini kwamba linaweza kuwa vinginevyo.

Nilisoma karatasi ile kwa sauti ya kutosha na matamshi mazuri. Sikukohoa hata mara moja.

Wanawake walitazamana, kisha mmoja akasema kutoka nyuma, na nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, ingawa mkono wangu hauyapendi: "Bwana alikuja na jua ya kwao mu valizi." Valizi ni sanduku la safari.

Mwingine akajibu: "Basi aifungule, tuione!"

Walicheka sana. Mimi niliwaambia wanyamaze.

Kwa wiki tatu nimepiga chuma saa kumi na mbili. Nataka jambo hili lisomeke vizuri katika daftari langu. Amri ilikuwa ya msimamizi, lakini mkono uliopiga ni huu ninaoandikia.

Sasa nieleze nilichokijua, na tangu lini nilikijua.

Oktoba iliyopita mke wangu Marta alinicheka kwamba macho yangu yamezeeka. Mimi sikukubali. Nikaamua kumthibitishia. Kila jioni nilikaa mlangoni, nimeuelekea uwanja, na kitabu changu cha sala kimefunguliwa ukurasa uleule. Nilisoma mpaka nikashindwa kutofautisha herufi moja na nyingine, kisha nikaitazama saa na kuandika humu: leo herufi zimepotea saa fulani. Marta alipita na ndoo yake akasema, "Weye unaangalia nini kila mangaribi? Giza inajua njia ya kuja, haiombake ruhusa."

Mwanzoni mwa Novemba herufi zilipotea saa kumi na mbili na dakika kumi. Kufikia Februari zilipotea saa kumi na mbili na dakika arobaini. Nusu saa nzima! Nilimwambia Marta kwamba macho yangu yanapona. Nilifurahi kama mtoto, na niliamini pia kwamba siku imekua.

Lakini mtu aliyefundishwa kusahihisha hawezi kuacha kazi yake mwenyewe bila kuisahihisha. Nilikuwa nimeandika asubuhi pia, kwa kuwa huamka mapema kusali, na siku moja ya Machi nilizilinganisha safu mbili. Novemba herufi zilionekana kabla kidogo ya saa kumi na moja na nusu alfajiri. Februari zilionekana karibu saa kumi na mbili kamili. Jioni ilichelewa nusu saa, na asubuhi ilichelewa nusu saa ileile.

Siku haikukua. Ilisogea tu, kama kitanda kinavyosogezwa chumbani bila kuongezeka urefu.

Kwa nini husogea, sijui. Nitamwuliza padri wa Masisi atakapopita. Ninachokijua ni kwamba kati ya herufi ya kwanza na herufi ya mwisho muda ni karibu uleule mwaka mzima. Mstari wa ikweta unapita kaskazini yetu, upande wa Lubero, si mbali, na aliye karibu na mstari huo hapati siku ndefu wala siku fupi. Ukitaka tofauti, utaipata, lakini ni ya dakika chache, nane au kumi, na Desemba ndiyo iliyozidi. Mawingu ya Desemba hayaniruhusu kuapa juu ya dakika hizo. Lakini Juni hii haikuzidi. Imekuwa nyuma ya miezi yote niliyoipima.

Mwezi ambao msimamizi ameuongezea saa moja ya kazi ndio mwezi wetu wenye siku fupi kuliko zote.

Na sasa lililo gumu zaidi. Kwamba siku haikui, nilijua mwezi wa Machi. Mwezi wa Mei, nikiwa najua, nilisimama mbele ya watoto nikaandika ubaoni: Juni, siku ndefu, Desemba, siku fupi. Niliandika hivyo kwa sababu kitabu cha masomo, kilichotungwa huko Ulaya kwa watoto wa Ulaya, kinasema hivyo, na mtihani wa mkaguzi hutoka katika kitabu. Nilitaka wanafunzi wangu wafaulu. Nilitaka pia mkaguzi aseme kwamba shule ya shamba inafundisha sawasawa.

Sina la kujitetea nalo. Naendelea.

Jumamosi jioni Yozefina alianguka mtoni. Siku nyingine zote za mwezi huu mumewe Petro amekuwa akimngojea kwenye gogo na mwenge wa utomvu. Petro ni mtu wa Kibua, kule Walikale, amekulia msituni, na aliniambia zamani kwamba kwao mtu hasubiri giza limwambie kuwa ni usiku. Lakini Jumamosi Petro alikuwa amekwenda Kibua kwa mazishi ya shangazi yake. Yozefina alifika kwenye gogo saa moja na robo. Mwezi siku hizi huchomoza watu wakiwa wamelala. Alivuka kwa kupapasa, nyuma ya wenzake, mguu ukateleza. Aliangukia kati ya mawe mawili. Wenzake walimsikia kabla ya kumwona, na walimtoa kwa kufuata sauti yake.

Mfupa wa chini ya goti umevunjika. Mzee mmoja wa kijiji ameunganisha mguu kwa vipande vya mwanzi na majani. Mfupa utapona, anasema, ikiwa hatasimama.

Habari zilinifikia jana, baada ya ibada. Sikula. Marta aliniuliza mara mbili nina nini, nami nikamjibu kwamba sina kitu, jambo ambalo si kweli.

Yozefina alikuwa mwanafunzi wangu, miaka kumi iliyopita. Nina sanduku la bati ambamo naweka karatasi zote za mitihani, tangu mwaka wa kwanza. Nilifungua sanduku, nikatafuta mpaka nikaipata yake. Swali la nne lilikuwa: mwezi gani una siku ndefu? Alijibu kwa mwandiko mkubwa ulioinama: "Kwetu siku zote ni sawa sawa. Nimeangalia."

Nimeangalia!

Nilikuwa nimempa sifuri kwa wino mwekundu, na chini yake nimeandika: Soma kitabu.

Jana alasiri nilichovya kalamu katika wino uleule mwekundu, nikakata sifuri, nikaandika kumi. Nilikunja karatasi, nikaiweka ndani ya daftari hili. Niliamua kwamba Jumatatu nitamwendea msimamizi.

Kwa hiyo leo asubuhi, wanawake walipokuwa wakichukua vikapu, nilikwenda kwenye mizani. Msimamizi alikuwepo, pamoja na karani Kristofa. Kristofa naye nilimfundisha kusoma, na hajawahi kunisamehe. Nilieleza kwa utaratibu: mtu amevunjika mguu, sababu ni giza, giza limesababishwa na saa ya chuma, na saa ya chuma imewekwa kwa kudhani kwamba siku imerefuka. Siku haikurefuka.

Msimamizi alinisikiliza. Kiswahili chake ni kidogo lakini anaelewa. "Mwalimu," alisema, "jioni iko mawingu. Iko moshi ya ninyi. Jua iko nyuma ya moshi."

Nikamjibu kwamba nimeandika kila siku tangu Oktoba, siku zenye moshi na zisizo na moshi.

Hapo Kristofa alitoa daftari la shule kutoka kwenye mfuko wa koti. Nililitambua mara moja. Ni la binti yake, anayesoma kwangu. Alilifungua mezani, akaligeuza linitazame. "Mwalimu, hii mwandiko njo ya nani?" Njo ni ndiyo ya huku.

Ilikuwa alama yangu ya sahihi, na saini yangu, chini ya somo la Mei. Juni, siku ndefu. Desemba, siku fupi.

"Ni yangu," nilisema.

"Basi Bwana alisoma hapa. Njo hapa alipata uhakika." Kristofa alitabasamu. "Ao ulifundisha bongo?"

Wanawake wote walikuwa wamesimama na vikapu tupu, wakinitazama. Karibu nusu yao wamekalia madawati yangu. Nimewapiga fimbo kwa kukosea majibu, na nimewaambia mara nyingi kwamba neno lililoandikwa na mwalimu halina kosa.

Nilisema, kwa sauti ileile niliyosomea amri: "Nilifundisha uongo. Nilijua kwamba ni uongo. Somo hilo nitalifuta."

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Msimamizi alikuwa mwekundu usoni, labda kwa niaba yangu. Nikamwambia kwamba simwombi aniamini mimi, wala daftari. Leo hakuna wingu wala moshi, na kwa kalenda yake mwenyewe leo ndiyo siku ndefu kuliko zote za mwaka. Akae nami barazani kwake, juu ya kilima kabisa, ambako mwanga hukawia kuliko mahali pengine popote. Achague maandishi yoyote ya lugha yake. Kama atayasoma bila taa mpaka saa moja, nitanyamaza hadi Agosti. Akisema kwamba hawezi, chuma kirudi saa kumi na moja.

Alikubali. Nadhani alikubali kwa sababu alikuwa na hakika.

Saa kumi na mbili nilipiga chuma, kama amri inavyotaka, nikapanda barazani kwake. Chini, kwenye mizani, wanawake walikuwa kwenye foleni. Msimamizi alikuwa ameweka viti viwili na gazeti la kwao. Alilifungua na kuanza kusoma kwa sauti, kwa furaha kidogo, kama mtoto anayejua jibu. Sikuelewa yote. Jua lilikwisha kuingia nyuma ya milima ya Walikale kabla hajamaliza safu ya kwanza.

Baada ya robo saa alilileta gazeti karibu na uso. Baadaye akaligeuzia upande wa magharibi. Kisha alisoma neno moja mara mbili. Mimi nilikuwa na kitabu changu cha sala magotini, na herufi zangu zilikuwa zinaondoka kama kawaida.

Aliacha kusoma.

Alitazama saa ya mkononi, akaitikisa, akaiweka sikioni. Ilikuwa inatembea. Kwa hesabu yake ilikuwa saa sita na dakika ishirini na tano. Sisi tunasema kumi na mbili na dakika ishirini na tano, kwa sababu tunaanza kuhesabu jua linapotoka. Leo nimeona kwamba hesabu hiyo yetu inawafaa watu ambao jua lao halichelewi.

Aliita aletewe taa. Nikamwambia, "Bwana, taa haikuwa katika makubaliano yetu."

Alikunja gazeti polepole. Alisema kwamba kwao, wakati huu, jua bado liko juu ya paa, na mama yake huwa bustani akimwagilia maji. Alisema hivyo bila kunitazama. Kwa muda mfupi nilimwona kuwa ni kijana aliye mbali na nyumbani, nikamhurumia. Nafikiri hakuwa amejua mpaka leo kwamba ile jioni ndefu haikumfuata.

Kisha akajiweka sawa kitini, akawa msimamizi tena. Alisema kwamba amri imekwisha kuandikwa na nakala imepelekwa kwa kampuni. Akiibadilisha baada ya wiki tatu, ataonekana mtu asiyejua kazi. Amri itabaki mpaka mwisho wa Agosti.

"Bwana amesoma mpaka saa ngapi?" niliuliza.

Aliinuka kitini. Alisema tu kwamba atakayepiga chuma nje ya saa iliyoandikwa atatoka katika nyumba ya shamba siku hiyohiyo, na shule atapewa mwingine. Hakutaja jina langu. Hapakuwa na haja, maana nyundo ni moja.

Nilishuka. Wanawake walikuwa wamemaliza kupimiwa na wanajifunga vitambaa waondoke. Nikawaambia kwamba leo natembea nao.

"Papa Mwalimu anaenda wapi?" mmoja aliuliza. "Anaenda kusahihisha giza," mwingine akajibu, na safari hii walicheka. Nilistahili.

Kwa miaka kumi na minne nimewatuma wanawake hawa kwenye njia ile kwa mlio wa chuma, na sijawahi kuipita wakati wa giza. Nilikuwa na hakika kwamba naijua. Mwanga ulituacha kwenye mteremko wa kwanza. Huku kwetu hakuna jioni ya kukaa na kungoja. Jua likiondoka, giza hukaa mahali pake upesi. Baada ya hapo nilifuata kisigino cha aliyekuwa mbele yangu. Baadaye sikuona kisigino, nikafuata pumzi yake. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinishika mkono bila kuniuliza, akauweka begani mwake, kama mtu anavyomfanyia kipofu.

Kwenye gogo walivua viatu, walio navyo. Mimi sikuvua. Ni jambo la kipumbavu, lakini mwalimu hatembei bila viatu mbele ya wanafunzi wake. Katikati ya gogo mguu wangu wa kushoto haukukuta kitu. Nilikaa chini kwa kishindo, nimelipanda gogo kama mtu apandaye punda, miguu yote miwili majini mpaka magotini. Maji ni baridi kupita kiasi. Chini yangu niliyasikia yakipiga mawe, na nilijua ni mawe yapi.

Sikulia. Lakini sikusimama tena. Nilimalizia gogo nimekaa, nikijisukuma kwa mikono.

Nikiwa pale juu nilifanya hesabu. Wachumaji ni wengi. Kila mmoja amevuka mahali hapa gizani kila jioni ya kazi, kwa wiki tatu. Wote walivuka kwa mkono wangu.

Petro alikuwa ng'ambo na mwenge wake. Amerudi leo kutoka Kibua. Alinitazama, suruali inachuruzika, akasema tu, "Karibu, Papa," akanileta hapa.

Yozefina amelazwa kwenye mkeka karibu na ukuta, mguu umenyooshwa kati ya mianzi. Amekonda usoni. Nilimsalimu, nikaketi, nikatoa karatasi ndani ya daftari. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nilimwambia kwamba miaka kumi iliyopita nilimpa sifuri kwa jibu lililokuwa sahihi, kwamba aliangalia mwenyewe wakati mimi nilisoma tu, na kwamba nimesahihisha kosa langu. Nilimpa ile karatasi.

Aliisogeza kwenye taa. Aliisoma yote, hata maswali mengine. "Ile siku ya sifuri nililia mupaka ku nyumba," alisema. "Mama akaniuliza nani alikufa."

Nilimwomba msamaha. Ni neno ambalo sikuwahi kumwambia mwanafunzi.

Aliikunja karatasi mara mbili, vizuri, kama nilivyowafundisha kukunja, akanirudishia.

"Papa Mwalimu, asante. Lakini hii kumi itasaidia nini hii muguu? Na ile miguu ingine yenye iko nzima?" Hakuwa na hasira. Alizungumza kama mtu anayemweleza mtoto. "Weye njo uko na nyundo. Piga chuma mapema. Hapo nitajua kama umesahihisha."

Petro alikohoa, akatazama moto. Mimi niliirudisha karatasi ndani ya daftari.

Sasa wamelala, au wananiachia taa kwa adabu.

Nimefikiria nyumba. Ni ya matofali, na Marta amepanda maharage nyuma yake, yanakaribia kuiva. Nimefikiria shule, na ni nani atakayepewa. Labda Kristofa, ambaye atafundisha kitabu kama kilivyo. Nimefikiria umri wangu. Nina miaka sitini na miwili, na hakuna shamba linalomtafuta mwalimu wa umri huo. Mambo haya yote ni ya kweli na sijidanganyi kwamba ni madogo. Marta atauliza tutalala wapi. Nitamwambia ukweli, kwamba sijui.

Lakini nimefundishwa tangu utoto, na mapadri wa kule Tanganyika ambao hawakuniachia koma moja, kwamba kosa likionekana hufutwa palepale lilipoandikwa. La darasani nitalifuta ubaoni asubuhi, mbele ya watoto, na wataandika upya: huku kwetu siku ni sawa mwaka mzima, angalieni wenyewe. Mkaguzi akitaka kuwapa sifuri, awape, nami nitawapa kumi.

Lile lingine sikuliandika kwa wino. Nililiandika kwa nyundo, jioni kumi na nane mfululizo ukiondoa Jumapili, na wino mwekundu hauwezi kulifikia.

Alfajiri nitapanda kilima mapema, nikiona mahali pa kuweka mguu. Nitamwambia msimamizi mwenyewe, usoni, kabla ya kazi, ili asiseme kwamba nimemwibia saa yake. Anaweza kunitoa nyumbani baadaye jioni. Hatakosa mwanga wa kunitolea vyombo, kwa sababu wakati huo wanawake watakuwa wamekwisha kushuka na jua litakuwa bado juu ya milima.

Kesho itakuwa na urefu uleule wa leo. Saa kumi na moja kamili nitapiga chuma, na nitapiga kwa nguvu, ili hata mtu aliyelala kwenye mkeka Kibabi, upepo ukiwa upande wake, asikie.